Kinachotutenga ni meza, si ubatizo

“Wewe ni Mkatoliki au Mkristo?” Swali hili limekuwa la kawaida mno. Nalisikia kwenye vikao vya harusi, pale mjumbe anapotaka kujua bibi harusi anasali wapi. Nalisikia wodini, mgonjwa akiulizwa na mtu aliyekuja kumwombea. Nalisikia kwa vijana waliorudi likizo kutoka chuoni, wakimweleza mama aliyewafundisha ishara ya msalaba kwamba sasa wamekuwa Wakristo. Mama anabaki ameduwaa. Miaka yote ile ya kuwaamsha alfajiri wawahi misa ya kwanza, alikuwa anawapeleka wapi?

Upande wa pili nako hakuna nafuu. Wapo Wakatoliki wanaomwona Mlutheri kama mtu aliyepotea njia, wanaoyaita makanisa ya wenzao “vidhehebu”, na wasiokubali kukanyaga kanisani kwa shemeji yao hata siku mtoto wake anapopata kipaimara. Nyani haoni kundule.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mkatoliki ni Mkristo. Mlutheri ni Mkristo. Vivyo hivyo Mwanglikana, Mmoraviani, mwamini wa Africa Inland Church na Mpentekoste aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Tofauti zao ni za kweli na ni nzito, wala haziondoki kwa maaskofu kupeana mikono mbele ya kamera. Lakini tofauti hizo zina mahali pake: ziko kwenye meza ya Bwana, kwenye daraja takatifu, na kwenye swali la nani ana mamlaka ya kuliongoza Kanisa. Tukizitoa huko na kuzipeleka kwenye ubatizo, tukaanza kuambiana nani Mkristo na nani si Mkristo, tunaowaumiza ni watu wa nyumbani mwetu. Nasema haya nikiwa Mkatoliki niliyeoa katika familia ya Kilutheri, na lawama zangu zitagusa pande zote, wa kwangu wakiwa wa kwanza.

Kila aliyeondoka aliondoka na ubatizo wake

Umewahi kupokea ule ujumbe wa WhatsApp unaosema Kanisa Katoliki lilianzishwa na Kaisari Konstantino? Kabla ya kuusambaza, fikiri kidogo. Mtaguso wa Nisea, ulioitishwa na Konstantino mwaka 325, uliwakutanisha maaskofu wa Kanisa lililokuwapo tayari, Kanisa lililotoka kuteswa na makaisari waliomtangulia. Ndio waliokiri kwamba Mwana ni Mungu kweli, mwenye asili moja na Baba, wakimpinga Ario, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Kanuni ya Imani iliyoanzia hapo, ikakamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, inakiriwa mpaka leo na Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana. Kama Nisea ni uzushi wa Kikatoliki, basi hawa wote wanakiri uzushi huo huo.

Biblia nayo ina historia. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, iliandikwa mwaka 367 na Athanasi, askofu wa Aleksandria nchini Misri. Mhubiri wa sokoni anayemwambia Mkatoliki “nionyeshe kwenye Maandiko” amebeba kwapani orodha aliyoipokea kutoka kwa maaskofu wa Kanisa ambalo lilikuwa bado halijagawanyika kati ya Roma na wengine.

Migawanyiko ilikuja kwa awamu. Baada ya Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, Wakristo wengi wa Misri na Ethiopia walishika njia yao; hao ndio Wakopti na Waorthodoksi wa Ethiopia tunaowafahamu. Mwaka 1054 wajumbe wa Papa na Patriarki Mikaeli Kerulario wa Konstantinopoli walitengana kwa kulaaniana, na Mashariki na Magharibi zikazidi kuachana. Tarehe 31 Oktoba 1517, huko Wittenberg, mtawa wa Kiagustino aliyeitwa Martin Luther alitoa hoja 95 dhidi ya biashara ya rehema. Hakuanza kwa nia ya kujenga kanisa jipya. Alitaka lile lililomlea litengenezwe. Mwaka 1521 akatengwa. Mwaka 1534 Bunge la Uingereza likamtangaza Mfalme Henry wa Nane kuwa mkuu wa Kanisa la nchi hiyo. Katika karne ya 18 kasisi wa Kianglikana, John Wesley, akaanzisha uamsho uliozaa Wamethodisti. Na mwaka 1906, kwenye mtaa wa Azusa jijini Los Angeles, mhubiri mweusi William Seymour, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliongoza mikutano iliyoupa Upentekoste nguvu ya kuenea dunia nzima.

Sasa angalia jambo moja katika orodha hiyo. Luther alibatizwa mtoto mchanga mwaka 1483 na padre wa Kikatoliki, akafa na ubatizo huo huo. Wesley naye hakubatizwa upya. Walioanza kuwabatiza upya watu wazima ni Waanabaptisti wa Zürich mwaka 1525, na Luther aliwapinga kwa maandishi makali. Mwanamatengenezo aliyempinga Papa kuliko wote hakuwahi kuwaambia watu kwamba ubatizo walioupata kwa Wakatoliki ulikuwa bure. Sisi tunaosema hivyo leo tumejifunza kwa nani?

Babu alifuata shule iliyokuwa karibu

Kwetu Afrika Mashariki migawanyiko hii ilishuka melini pamoja na masanduku ya wamisionari. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Misioni ya Leipzig iliingia Machame mwaka 1893, na Machame ikawa ya Walutheri. Kilema na Kibosho, kwenye mlima ule ule wa Kilimanjaro, zikawa za Mapadre wa Roho Mtakatifu. Wabenediktini wakajenga Peramiho na Ndanda. Waanglikana wenyewe walikuja kwa sura mbili: wa Masasi na Zanzibar walilelewa na misioni iliyopenda ubani, mavazi ya altare na kuungama kwa padre, wakati wa Dodoma walilelewa na misioni ya ibada nyepesi iliyosisitiza mahubiri na kuokoka. Mgeni akiingia katika kanisa la Kianglikana la Masasi anaweza kukaa mpaka mwisho akidhani amesali kwa Wakatoliki.

Mzee wa Machame aliyebatizwa enzi hizo hakukaa chini kupima hoja za Luther na za Papa. Alifuata shule iliyokuwa karibu, au dawa iliyomponya mwanawe, au mangi aliyewapokea wageni. Angezaliwa upande wa Kibosho, wajukuu zake leo wangekuwa wanasali rozari. Sisemi kwamba imani ni bahati nasibu. Watu waliipokea, wakaiishi, wengine wakaifia. Lakini anayejua jinsi mlango alioingilia babu yake ulivyofunguka atakuwa na staha kidogo anapomhukumu jirani aliyeingilia mwingine.

Mkoa wa Kagera unatufundisha vizuri zaidi. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa alifanywa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Dar es Salaam, ulimchagua Josiah Kibira kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wote wawili walikuwa Wahaya wa mkoa huo. Kati ya mwaka 1964 na 1968, kabla Rugambwa hajahamia Dar es Salaam, Bukoba ilikuwa nao wote kwa wakati mmoja, kardinali upande huu na askofu wa Kilutheri upande ule. Nani atasimama pale Bukoba, mbele ya watoto na wajukuu wa waliowasikia wakihubiri, atamke kwamba mmoja wao hakuwa Mkristo?

Namugongo, halafu Mengo

Kama historia ya kukabidhiwa na wamisionari haitoshi, tuvuke mpaka tuingie Uganda. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwaua vijana waliokataa kuikana imani yao. Kanisa Katoliki linawaheshimu mashahidi 22 na Waanglikana 23. Siku iliyo maarufu kuliko zote ni tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, ambapo Charles Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto. Katika makundi yaliyochomwa siku ile walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana. Wauaji walitaka kujua kama kijana anasali kwa Yesu. Suala la padre gani au mchungaji gani aliyembatiza halikuwahusu.

Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja kwa heshima na Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Papa Fransisko alipokwenda Namugongo Novemba 2015, alipita kwanza kwenye madhabahu ya Waanglikana ndipo akaadhimisha misa kwa Wakatoliki. Mamilioni ya watu hupita hapo kila mwezi Juni, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Haikuishia hapo. Januari 1892, miaka isiyotimia sita baada ya moto wa Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita Mengo. Watu waliwaita Wakatoliki “Wafaransa” na Waprotestanti “Waingereza”, kwa sababu ya mataifa ya wamisionari wao. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki, Wakatoliki wakashindwa, na katika mgawanyo wa nchi uliofuata wakasogezwa kwa wingi Buddu, eneo la Masaka linalopakana na Kagera yetu. Ndugu wa waliochomwa pamoja walichinjana kwa majina ya nchi ambazo hawakuwahi kuziona.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Mavuno ya Mengo aliyabeba nani? Miaka miwili baadaye, mwaka 1894, Uingereza iliitangaza Uganda kuwa himaya yake.

Wakuu wamekubaliana, habari haijafika kijijini

Jambo linalonisikitisha ni kwamba mengi tunayogombania vijiweni yamekwisha kujadiliwa na wakuu wa makanisa, na mengine yamekwisha kusawazishwa. Tarehe 21 Novemba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati kuhusu umoja wa Wakristo. Hati hiyo inafundisha kwamba wanaomwamini Kristo na kubatizwa ipasavyo wana ushirika na Kanisa Katoliki, ingawa ushirika huo haujakamilika, na kwamba wanastahili kuitwa Wakristo na ndugu. Inakiri pia kwamba katika kutengana kule watu wa pande zote mbili walikuwa na makosa. Tarehe 7 Desemba 1965, Papa Paulo VI na Patriarki Athenagoras walizifuta laana za mwaka 1054.

Kisha likaja jambo zito kuliko yote. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg nchini Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, hoja ile ile iliyowasha moto wakati wa Luther. Walikiri pamoja kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yake, na kwamba Roho Mtakatifu humwezesha kutenda mema. Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006, na Makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Mwaka 2016 Papa Fransisko alikwenda Lund, Sweden, kusali na Walutheri siku ya kumbukumbu ya Matengenezo.

Hapa nchini, mwaka 1992, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ili shule na hospitali zao zizungumze na serikali kwa sauti moja. Mgonjwa aliyelazwa Bugando, hospitali yenye mizizi ya Kikatoliki, au KCMC, yenye mizizi ya Kilutheri, anaonja matunda ya ushirikiano huo hata kama hajawahi kuusikia.

Sasa niambie: mara ya mwisho kulisikia tamko la Augsburg likielezwa mimbarini ni lini? Mafundisho ya kipaimara yanawakariria watoto wetu sababu za kutengana, na hatua za kukaribiana hazitajwi. Makatekista wetu wana lawama hiyo, na wainjilisti wa upande wa pili wanayo pia.

Yanayotutenga kweli

Sitaki msomaji adhani nayafunika mambo kwa blanketi. Mkatoliki anaamini kwamba katika Ekaristi mkate na divai hugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo, na kwamba padre anayeadhimisha lazima awe amepewa daraja na askofu aliye katika mfuatano wa mitume. Kwa sababu hiyo hawaaliki wengine kupokea komunyo, na yeye mwenyewe hapokei kwa wenzake. Waorthodoksi nao wanayo desturi ya namna hiyo. Wakatoliki wana sakramenti saba. Waprotestanti wengi wanazo mbili. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti 66. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina wachungaji wanawake. Kanisa Katoliki linasema halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Mafundisho kwamba Papa hakosei anapotamka rasmi jambo la imani au maadili, yaliyotangazwa mwaka 1870, na yale ya Maria kupalizwa mbinguni, ya mwaka 1950, yalizidi kuwaweka Waorthodoksi na Waprotestanti mbali.

Tukubali pia kwamba kauli za Roma zimewahi kuwauma wenzetu. Hati iliyotolewa mwaka 2000 ilieleza kwamba jumuiya zisizo na maaskofu wa mfuatano wa mitume wala Ekaristi kamili si Makanisa kwa maana halisi ya neno hilo. Walutheri na Waanglikana wengi waliumia, na nawaelewa. Hata hivyo hati hiyo hiyo haikuwaondolea waamini wao jina la Kikristo, kwa kuwa ubatizo wao ni ule ule.

Na shutuma kwamba Wakatoliki wanamwabudu Maria na sanamu? Mtaguso wa Pili wa Nisea ulitenganisha mambo hayo tangu mwaka 787: ibada ni ya Mungu peke yake, na heshima inayotolewa mbele ya picha humwendea anayeonyeshwa na picha hiyo. Unaweza kuona kwamba heshima hiyo imepitiliza katika parokia fulani, na pengine hutakosea. Kumwita Mkatoliki mpagani ni jambo jingine kabisa.

Tofauti ninazozitaja zote zinagusa meza, uongozi na mafundisho. Penye ubatizo Kanisa Katoliki limeuacha mlango wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mlutheri au Mwanglikana anayejiunga na Ukatoliki habatizwi tena. Mpentekoste aliyezamishwa katika maji mengi kwa jina la Utatu habatizwi tena. Hata mkunga asiye Mkatoliki akimbatiza mtoto mchanga anayekata roho, kwa maji na maneno yale, akikusudia kufanya kile Kanisa linachofanya, ubatizo huo ni halali.

Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato wana hoja yao, nami naiheshimu: kwao ubatizo hufuata imani ya mtu anayejitambua, kwa hiyo ule wa utotoni hawauhesabu. Mtu mzima akiamua kwa dhamiri yake kuzama majini, hakuna wa kumfunga kamba. Ninachoomba ni kimoja. Asitoke majini akaenda kumwambia mama yake kwamba alimlea kipagani. Imani aliyoipeleka majini alianza kuipata kwenye mapaja ya mama huyo.

Nyumbani ndiko kunakouma

Chukua binti wa Machame na kijana wa Kibosho waliopendana Dar es Salaam. Barua ya posa imepokewa, mahari imelipwa, kamati imeundwa, kadi za michango zimesambazwa na ukumbi umelipiwa nusu. Ndipo wanapoketi mbele ya paroko na kusikia kwamba ndoa mseto inahitaji ruhusa ya askofu, na kwamba kijana lazima aahidi kufanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Baba wa binti anasikia habari hiyo kwa mshenga, imekwisha kupindishwa njiani: “Wanataka mtoto wetu abadilishe dini.” Kikao kinavunjika. Kuanzia hapo kila upande unahesabu nani ameshinda.

Ukweli ni huu. Hakuna mahali sheria ya Kanisa Katoliki inapomtaka Mlutheri aliache kanisa lake ili aolewe na Mkatoliki. Ahadi inatolewa na Mkatoliki. Mwenzake anajulishwa tu, ili asifichwe. Ikiwa kuna sababu nzito, askofu anaweza hata kuruhusu ndoa ifungwe mbele ya mchungaji. Lakini nani amewaeleza wazee? Mara nyingi anayelazimisha binti abadilike ni ukoo wa kijana, kwa kisingizio kwamba mke hufuata dini ya mume, kisha Kanisa linabebeshwa lawama. Upande wa Walutheri nako ziko sharika ambako binti aliyefunga ndoa kwa Wakatoliki anahesabiwa ametengwa mpaka atakaporudi kundini. Matokeo yake ni vijana wanaokaa pamoja miaka kumi bila ndoa yoyote, wala kwa padre wala kwa mchungaji, kwa sababu wamechoka kuwa uwanja wa mashindano ya wakubwa.

Msiba nao unafunua mengi. Mama wa Kilutheri amefariki katika nyumba ya Kikatoliki aliyoitumikia miaka arobaini. Jumuiya ndogondogo inasitasita: je, tuimbe? Usharika wake unauliza mbona hakuonekana ibadani miaka ya mwisho, alipokuwa kitandani. Watoto waliofiwa wanaacha kulia na kuanza kusuluhisha. Sheria ya Kikatoliki inamruhusu askofu kukubali Mkristo wa kanisa jingine azikwe kwa ibada ya Kikatoliki pale mchungaji wake asipopatikana, ilimradi marehemu hakukataa. Njia ipo, kinachokosekana ni watu wanaoijua.

Pale pale makaburini sikiliza Sala ya Bwana. Waombolezaji wote wanaanza pamoja, sauti moja, wala huwezi kujua nani ni nani. Wakifika kwenye kuombea kuokolewa na maovu, Wakatoliki wananyamaza na wengine wanaendelea na maneno ya kuusifu ufalme, nguvu na utukufu wa Mungu. Nimeona watu wakitazamana kwa jicho baya kwa ajili ya sekunde hizo chache. Lakini maneno hayo Wakatoliki wanayasema katika kila misa, muda mfupi tu baada ya sala hiyo, padre anapomaliza sala fupi inayowekwa katikati. Tunanuniana kwa maneno ambayo sote tunayasali.

Tuanzie hapa

Naomba mambo machache yanayowezekana, na yasiyohitaji ruhusa ya Roma wala ya makao makuu ya KKKT.

Wazazi wenye kijana anayechumbia nje ya kanisa lao wawapeleke wachumba wote wawili kwa paroko na kwa mchungaji kabla ya mahari, wasisubiri kadi zichapishwe. Mapadre na wachungaji wa kata moja wakubaliane kuwafundisha wachumba hao pamoja, angalau kipindi kimoja, ili kila familia isikie masharti kutoka kinywani mwa mwenyewe badala ya kuyapata kwa mshenga. Wanandoa wa mseto wasipangiwe na ukoo nani anyamaze Jumapili. Wafundishe watoto Kanuni ya Imani na Sala ya Bwana kwa pamoja, maana hizo ni zao wote. Mtoto akipata kipaimara upande mmoja, ndugu wa upande wa pili waende, wakae, wampongeze. Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari, iache kuwa ibada ya viongozi mjini; iadhimishwe vigangoni na mitaani, ambako ndoa hizi zinafungwa.

Na familia zenye wagonjwa na wazee ziulizane mapema, kwa upole, ni nani atakayemzika mzee na kwa ibada gani. Maandishi ya ukurasa mmoja yaliyowekwa pamoja na cheti cha ubatizo yanaweza kuwaepusha watoto na aibu ya kugombana mbele ya jeneza.

Kanisa Katoliki peke yake lina waamini zaidi ya bilioni 1.3, karibu nusu ya Wakristo wote duniani. Anayesema hao si Wakristo anafuta nusu ya watu wanaomkiri Kristo, wakiwamo majirani, mabosi, wakwe na mama zake. Anayesema ni hao tu ndio Wakristo anafuta nusu iliyobaki, wakiwamo mashahidi 23 wa Uganda. Nani alimpa mmoja wetu kazi hiyo?

Kuunganisha meza ya Bwana ni kazi ya maaskofu na wanateolojia, nayo yaweza kuchukua vizazi kadhaa. Kutozitenganisha nyumba ni kazi yetu, nasi tunaweza kuianza kabla ya barua ya posa inayofuata.